Ajali za Ndege Ndogo Zinapotua kwenye Viwanja vya Nyasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo abiria, wanaojifunza urubani na watunza viwanja huuliza tena na tena. Majibu yanaanzia mambo ya msingi na kuishia kwenye hali za nadra. Pale jibu moja linapotegemea jingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Kiwanja cha nyasi kinatofautianaje na uwanja wa kawaida wa ndege?

Kiwanja cha nyasi ni kipande cha ardhi kilichosawazishwa na kutengwa kwa ajili ya ndege kuruka na kutua. Kikiwa mbali na miji, kwa kawaida hakina mnara wa kuongozea ndege, taa wala gari la zimamoto. Mara nyingi msaada pekee anaoupata rubani akiwa angani ni mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unatoka wapi, nao wakati mwingine umechanika.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwa macho. Lami ya leo ndiyo lami ya kesho, ilhali nyasi hubadilika kwa saa. Kiwanja kilichokuwa kikavu jioni kinaweza kuamka na umande mzito, na kwa breki za ndege umande ni maji kama maji mengine. Ndiyo maana taarifa ya kiwanja cha nyasi huchakaa haraka, hata kama aliyeitoa ni mtu mkweli.

2. Je, kutua kwenye nyasi ni hatari kwa asili yake?

Hapana. Nyasi kavu juu ya udongo mgumu ni sehemu nzuri ya kutulia: haziumizi matairi, hupunguza mwendo wa ndege hata kabla breki hazijakanyagwa, na ndege ikigusa ardhi ikiwa imekaa upande kidogo, humpa rubani nafasi ndogo ya kuinyoosha. Ndege kama Piper Super Cub, Cessna 206, Pilatus Porter na Twin Otter zimefanya kazi kwenye viwanja vya namna hii kwa miongo mingi.

Kinachokosekana ni akiba. Kwenye lami ya kilomita mbili, rubani akigusa ardhi mita 200 mbele ya mahali alipokusudia hakuna abiria atakayetambua. Kwenye kiwanja cha mita 500 chenye miti mwishoni, hizo mita 200 ndizo ajali yenyewe.

3. Ajali hizi huua watu wengi?

Miongoni mwa ndege ndogo, kutua ndiyo hatua ya safari yenye ajali nyingi zaidi, lakini sehemu ndogo tu ya ajali hizo husababisha vifo, kwa sababu ndege huwa imepunguza mwendo na iko karibu na ardhi. Wengi hutoka wakitembea, ndege ikiwa imeharibika nyuma yao. Vifo hutokea zaidi pale rubani anapojaribu kuinuka tena akiwa amechelewa (swali la 14), pale moto unapowaka, na pale ndege inapogonga kitu kigumu kama gogo au ukingo wa mtaro.

4. Ni aina gani za ajali zinazojirudia?

Ya kwanza ni kupitiliza: ndege inagusa ardhi mbali mno au ikiwa na mwendo mkubwa mno, na kiwanja kinaisha kabla haijasimama. Kinyume chake ni kugusa kabla ya mwanzo wa kiwanja, kwenye vichaka au tuta, jambo linalotokea rubani anapojibana sana ili asipitilize. Aina ya tatu ni kudundadunda. Ndege inagonga ardhi, inaruka juu kidogo, rubani anasukuma usukani mbele kuishusha, na gurudumu la mbele linapokea kishindo ambacho halikutengenezwa kukibeba. Likivunjika, pangaboi linachimba ardhi. Halafu kuna kuzunguka ghafla ardhini (swali la 12), na mwisho kuna kugonga kile ambacho hakikutakiwa kuwepo: mnyama, kichuguu, shimo, au mtu anayekatiza.

## Nyasi, udongo na maji

5. Nyasi huongeza umbali wa kusimama kwa kiasi gani?

Mwongozo wa usalama wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza kwa ndege ndogo unatoa vizidisho vinavyotumiwa na marubani wengi. Nyasi kavu zisizozidi sentimita 20 juu ya udongo mgumu huzidisha umbali wa kutua kwa 1.15. Zikilowa, kizidisho ni 1.35. Zikiwa fupi sana na zimelowa, umbali unaweza kuongezeka kwa hadi asilimia 60. Kiwanja kinachoteremka kwa asilimia 2 kuelekea upande wa kutua huongeza asilimia 10. Baada ya hayo yote, mwongozo unashauri kuzidisha tena kwa 1.43 kama akiba ya usalama.

Tuchukue ndege ambayo kitabu chake kinasema inahitaji mita 400 kutua kwenye lami kavu, tukihesabu tangu inapopita kimo cha futi 50. Nyasi zilizolowa huzifanya mita hizo kuwa 540. Mteremko wa asilimia 2 huzifikisha 594. Akiba ya usalama huzifikisha karibu mita 850, yaani zaidi ya mara mbili ya namba iliyochapishwa kitabuni. Tena namba ya kitabuni ilipatikana kwa ndege mpya na rubani wa majaribio, katika siku iliyochaguliwa.

6. Kwa nini nyasi fupi zilizolowa huteleza kuliko ndefu?

Nyasi zenye urefu wa kiasi hulikokota tairi. Hata breki zisiposhika, ndege inapungua mwendo. Nyasi fupi sana hazina cha kukokota, na zikilowa hulaza majani yake chini ya tairi kama utando.

Anayefika mahali ndege ilipopitiliza kwa njia hii huona michirizi miwili mirefu ya kijani iliyokolea, nyasi zimelazwa zote upande mmoja na kupondwa hadi zikatoa maji yake, lakini udongo haukuchimbuka hata kidogo. Michirizi hiyo inasema kwamba rubani alikanyaga breki kwa nguvu zote, magurudumu yakaacha kuzunguka, na ndege ikaendelea kuteleza. Gurudumu lisilozunguka halifuati uelekeo wala halisimamishi, kwa hiyo dawa yake ni kuachia breki kidogo ili lizunguke tena, jambo gumu sana kulifanya wakati miti inakukaribia.

7. Rubani atajuaje hali ya kiwanja kabla ya kutua?

Njia bora ni kuzungumza na mtu aliyekikanyaga siku hiyo hiyo. Swali la jumla kama "Kiwanja kizuri?" huleta jibu la jumla, maana mwenyeji hapendi kukatisha tamaa. Maswali yanayosaidia ni yale yanayojibiwa kwa kutazama: mvua ilinyesha lini mara ya mwisho? Ukikanyaga kwa kisigino, kinazama? Nyasi zinafika wapi mguuni? Kuna mifugo leo? Upepo unavuma kutoka kwenye mto au kutoka kwenye kilima?

Akifika juu ya kiwanja, rubani hupita mara moja kwa kimo salama akikitazama kutoka pembeni, na pengine mara ya pili chini zaidi, akiwa na mwendo wa kutosha na njia ya kutokea. Mapito hayo huonyesha mifugo, madimbwi yanayong'aa, nyasi za rangi tofauti ambazo mara nyingi ni dalili ya unyevu, na mwelekeo wa upepo kwenye majani ya miti. Hayaonyeshi mashimo yaliyofunikwa na nyasi. Hilo litabaki kuwa kazi ya mtu aliye chini.

8. Mtunza kiwanja afanye nini?

Usione vyaelea, vimeundwa: kiwanja kinachoonekana angani kama uwanda wa kawaida kina mtu anayekipita kwa miguu. Kukipita ndiko kazi kuu. Mtunzaji atembee urefu wote, arudi kwa mstari mwingine, afukie kila shimo na kulishindilia udongo, aondoe mawe yanayoweza kurushwa na pangaboi, na abomoe vichuguu vingali vidogo. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kuendesha gari kiwanjani kwa takriban kilomita 50 kwa saa. Likirusharusha watu, kiwanja hakijawa tayari kwa ndege. Kuhusu urefu wa nyasi, kanuni nyepesi ni kwamba zisizidi asilimia 30 ya kipenyo cha gurudumu.

Alama za pembeni ziwe nyeupe na laini, zinazovunjika ndege ikizigonga. Mawe makubwa yaliyopakwa chokaa hupendeza, ila yamevunja magurudumu yaliyotoka nje ya mstari kwa mita moja tu. Na mtunzaji akiona kiwanja hakifai, aseme hakifai, hata kama ndege inaleta mizigo inayosubiriwa.

## Mwendo, uzito, upepo na hewa

9. Mwendo ukizidi kidogo tu, kuna ubaya gani?

Nishati ambayo breki na nyasi zinatakiwa kuimaliza hukua kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukizidi kwa asilimia 10, nishati huzidi kwa asilimia 21. Aidha, ndege yenye mwendo wa ziada haikubali kukaa chini: huelea juu ya nyasi huku mita za kiwanja zikipita chini yake, na rubani akiilazimisha ndipo inapodundadunda. Marubani wengi huongeza mwendo "kwa usalama". Katika kiwanja kifupi nyongeza hiyo huondoa usalama uleule waliokuwa wakiutafuta. Mwendo unaokubalika kwa kawaida katika hatua ya mwisho ni mara 1.3 ya ule ambao chini yake mabawa hushindwa kuibeba ndege.

Uzito nao huhesabika: ukizidi kwa asilimia 10, umbali wa kutua huongezeka kwa asilimia 10 hivi.

10. Joto na mwinuko vinahusianaje na kutua?

Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na joto huifanya iwe nyepesi zaidi. Kiwanja kilicho futi 5,000 juu ya usawa wa bahari, siku yenye nyuzi joto 30, kina hewa inayofanana na ya futi 8,000 hivi katika siku ya kawaida. Kipima mwendo cha rubani kitasoma kama siku zote, tuseme kilomita 110 kwa saa, lakini ndege kwa kweli inapita kwenye hewa kwa takriban kilomita 124 kwa saa. Upepo ukiwa umetulia, ndivyo itakavyogusa ardhi pia, na nishati yake itakuwa imezidi kwa zaidi ya robo. Macho humwambia rubani kwamba anakwenda mbio. Akiyasikiliza na kupunguza mwendo kwenye kipimo, mabawa yanaweza kumwangusha. Injini nayo imepoteza nguvu, kwa hiyo kughairi kutua ni kugumu kuliko alivyozoea.

11. Kipi kina uzito zaidi, upepo au mwinamo wa kiwanja?

Upepo wa nyuma wenye mwendo sawa na asilimia 10 ya mwendo wa kutua huongeza umbali kwa asilimia 20. Kwa ndege inayotua kwa kilomita 110 kwa saa, huo ni upepo wa kilomita 11 tu, ambao mtu aliyesimama chini angeuita upepo mwanana. Hata hivyo, kwenye viwanja vyenye mwinamo mkali, kupanda mlima wakati wa kutua hushinda kila kitu kingine, na ndege hutua upande mmoja tu bila kujali upepo mdogo wa nyuma. Upepo ukizidi, hakuna kutua. Mfano unaojulikana ni Lukla nchini Nepal, kwenye mwinuko wa mita 2,845 hivi: kiwanja kilijengwa mwaka 1964, kikakaa bila lami hadi 2001, kina urefu wa mita 527 na mwinamo wa karibu asilimia 12. Ndege hutua zikipanda na huruka zikishuka.

Miti nayo hucheza na upepo. Ndege inaposhuka chini ya vilele vyake, upepo wa mbele unaweza kukatika ghafla, na ndege ikazama wakati ambapo hakuna tena kimo cha kujirekebisha.

12. Kwa nini ndege zenye gurudumu la mkia huzunguka ghafla?

Kwa sababu uzito wake mwingi uko nyuma ya magurudumu makuu. Mwenye kusukuma mkokoteni kinyumenyume analijua hilo: ukianza kwenda upande, unataka kuendelea na upande huo mpaka ugeuke kabisa. Gurudumu moja likiingia kwenye kishimo, au upepo wa ubavuni ukipiga mkia, rubani ana muda mfupi sana wa kurekebisha kwa miguu. Akichelewa, bawa la nje hugonga ardhi na mguu wa gurudumu hukunjika. Ajali hii hutokea hata ndege ikiwa na mwendo wa mtu anayekimbia, wakati rubani tayari amepumua na kudhani safari imekwisha.

## Maamuzi ya rubani

13. Kwa nini hata marubani wazoefu hukosea?

Sababu moja ni macho. Kiwanja kinachopanda humfanya rubani ajione yuko juu mno, hivyo hushuka chini kuliko inavyofaa. Kiwanja chembamba hufanya vivyo hivyo. Kinachoteremka humdanganya kinyume chake. Pasipo taa za kuonyesha pembe ya kushuka, hakuna kinachomsahihisha isipokuwa mazoezi na kipima kimo.

Sababu ya pili ni uzito wa safari yenyewe. Kuna mgonjwa anayesubiri, jua linazama, mafuta ya kurudi ni ya kubana, na abiria wanatazama. Uzoefu unaweza kuongeza hatari hii, kwa kuwa aliyetua mahali pale mara 100 huacha kuuliza yale maswali ya swali la 7. Kwa maoni yetu, hapa ndipo ajali nyingi zinapoanzia, muda mrefu kabla ya tairi kugusa nyasi.

14. Kwa nini rubani asighairi tu na kuinuka tena?

Anapaswa kughairi, tena mapema, na abiria asitishike ndege inapoinuka tena. Huyo ni rubani anayefanya kazi yake vizuri. Ndege ikiwa haijatulia kwenye mwendo, kimo na mstari sahihi, kuzunguka na kujaribu upya hugharimu dakika chache.

Ugumu uko kwenye viwanja vilivyo mabondeni au ubavuni mwa mlima. Huko kuna sehemu angani ambayo ukishaipita mlima ulio mbele unapanda kwa kasi kuliko ndege inavyoweza kupanda. Rubani makini huichagua sehemu hiyo kabla ya kuanza kushuka, mara nyingi ikiwa mbali na kiwanja, na huamua hapo. Akishaipita, kupitiliza polepole na kuingia vichakani huwa na nafuu kuliko kujaribu kupaa, kwa sababu kugonga kitu ardhini ukiwa umeshapunguza mwendo kunahimilika zaidi kuliko kuanguka kutoka juu ya miti.

## Kwa abiria

15. Nifanye nini ili kupunguza hatari?

Taja uzito wako wa kweli na wa mizigo yako yote, hata ule mfuko mdogo unaotaka kuupakata. Funga mkanda wa kiti ukibana nyonga, na wa bega ukiwepo, kwa kuwa ndio unaozuia kichwa kugonga dashibodi. Angalia mlango unavyofunguliwa kabla ya kuruka, na uujaribu kwa mkono wako rubani akiruhusu. Usiache kitu kizito bila kufungwa nyuma yako. Ukiona ng'ombe au mtu kiwanjani wakati wa kushuka, sema mara moja. Usidhani rubani amekwisha kumwona.

16. Ndege ikipinduka, nitokeje?

Pangaboi likichimba ardhi laini, ndege nyepesi inaweza kulala chali polepole. Utajikuta unaning'inia kwenye mkanda. Kabla ya kuufungua, weka mkono mmoja juu ya dari, ambayo sasa ni sakafu, na ukaze miguu. Watu wameumia shingo kwa kuanguka baada ya kunusurika ajali yenyewe. Mafuta yanaweza kudondoka kutoka kwenye mabawa, kwa hiyo usiwashe chochote, acha mizigo, na uondoke kuelekea nyuma ya ndege, mbali na pangaboi.

## Baada ya ajali

17. Walio jirani wasaidie vipi?

Wasubiri pangaboi lisimame kabisa, wakaribie kutoka nyuma, na mtu yeyote asivute sigara. Wakiweza kuzungumza na rubani, wamkumbushe kufunga mafuta na kuzima umeme wa betri. Majeruhi anayelalamika shingo au mgongo asihamishwe isipokuwa kuna moto.

Jambo moja lisilojulikana sana: baadhi ya ndege ndogo, zikiwemo za Cirrus, zina mwavuli wa dharura unaofyatuliwa kwa roketi ndogo iliyo ndani ya mwili wa ndege. Ikiwa haijafyatuka, bado iko hai. Ukiona alama ya tahadhari ubavuni mwa ndege, usikate bati wala kuvuta nyaya karibu nayo.

18. Kama hakuna aliyeona, ndege itapatikanaje?

Ndege nyingi hubeba kifaa kinachorusha ishara ya dharura kwa masafa ya 406 MHz, inayopokelewa na setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa kutafuta na kuokoa watu. Vifaa vya zamani vya 121.5 MHz pekee havisikilizwi tena na setilaiti tangu tarehe 1 Februari 2009, ingawa marubani walio karibu wanaweza kuvisikia. Ndege ikilala chali, antena inaweza kuvunjika au kuzikwa, na kishindo kidogo kinaweza kisikiwashe kifaa chenyewe, hivyo kiwashwe kwa mkono. Kumwachia mtu ardhini muda wa kufika, na maagizo ya nani aulizwe muda huo ukipita, bado ni kinga isiyohitaji betri.

19. Uchunguzi hufanywa ili kumpata mwenye kosa?

Hapana. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, yaani mkataba wa kimataifa unaosimamia usafiri wa anga, kinasema lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Kwa sababu hiyo mabaki hayasogezwi isipokuwa kwa kuokoa watu au kuzima moto, na michirizi ya swali la 6 isikanyagwe. Hata ncha za pangaboi huzungumza: zikiwa zimejikunja kuelekea mbele, mara nyingi injini ilikuwa na nguvu ilipogonga; zikiwa zimelala nyuma, mara nyingi haikuwa nayo.

20. Ndege ilipata kishindo lakini inaonekana nzima. Je, iruke kurudi?

Pangaboi likigusa ardhi injini inazunguka, hata kama umeharibika upande mmoja wa ncha tu, kishindo husafiri hadi kwenye mhimili na gia za ndani, na nyufa zake hazionekani kwa nje. Injini inahitaji kufunguliwa na fundi aliyeidhinishwa. Kunyoosha ncha kwa nyundo na kuondoka ni kuhamisha ajali kutoka ardhini kwenda angani.

Hata ndege ikiwa salama kabisa, liko suala la umbali. Ndege nyingi ndogo huhitaji nafasi kubwa zaidi kuruka kuliko kutua, na mwongozo uliotajwa katika swali la 5 unaongeza umbali wa kuruka kwa asilimia 20 kwenye nyasi kavu na 30 zikiwa zimelowa. Kwa hiyo rubani aliyetua salama kwa dharura anaweza kuwa amejifungia mahali ambapo hawezi kutoka akiwa na abiria. Hapo hushusha mizigo na watu, husubiri baridi ya asubuhi na nyasi kukauka, na hesabu ikikataa bado, mafundi hufungua mabawa na ndege huondoka kwa lori.